Hizo nepi za kitambaa, anayefua ni nani?

Mhariri, habari za kazi.

Nimesoma makala yenu ya kulea mtoto bila kumwaga hela na bila kuchafua mazingira, nimeisoma mara mbili kabisa maana hayo mambo ndo nimo ndani yake sasa hivi, mkubwa ana miaka minne na mdogo ana miezi saba. Makala nzuri, sikatai. Ila kuna kitu kimenikera nikasema hapana, leo lazima niandike. Kila aya ni "mama jaribu hiki", "mama unaweza kile", "akina mama wengi siku hizi". Mama afue nepi za kitambaa, mama aponde chakula mwenyewe badala ya kununua vikopo, mama ashone, mama anyonyeshe, mama achemshe maji. Baba yuko wapi humo? Nimemtafuta mpaka kwenye maelezo ya picha sijamwona. Alafu mwisho mnapiga hesabu ya hela iliyookolewa, mnafurahi, kumbe hamjahesabu mgongo wa mtu.

Mi ni baba na nepi za nyumbani kwetu nafua mimi. Sijisifu, nitaeleza ilivyokuwa. Mtoto wa kwanza tulimvalisha pampasi mwanzo mwisho, kila siku ndoo ya taka imejaa na harufu yake mnaijua. Piga hesabu ndogo tu, nepi sita kwa siku mara siku 365 ni 2,190 kwa mwaka, mtoto akifika miaka miwili na nusu ndo anaacha, hizo ni karibu 5,500, kila moja imevaliwa saa chache ikatupwa. Na ile siyo pamba kama tunavyodhani, ganda la nje ni plastiki, ndani kuna nyuzi za miti pamoja na ule unga unaogeuka kama jeli ukinywa mkojo, na huo nao unatokana na mafuta ya petroli. Haiendi popote ile. Sasa mimba ya pili ilipokaribia, mke wangu akasema safari hii tutumie vitambaa. Nikajibu haraka haraka, wazo zuri sana hilo mama. Akaniangalia. "Sawa, na atafua nani?" Nikanyamaza, na nilinyamaza kama dakika nzima hivi. Hilo swali Mhariri ndo lilitakiwa kuwa kichwa cha makala yenu.

Wiki ya kwanza nilichemka. Nilikuwa nataka mtoto avae kitu laini, kwa hiyo nikamimina dawa ya kulainisha nguo, nikaiweka nyingi tu ili ninukishe na nyumba. Nepi zikatoka laini kweli, zinanukia maua, nikamvalisha kwa mbwembwe. Haikupita nusu saa mtoto kalowa mpaka mgongoni, shuka limelowa, na mimi niliyempakata nimelowa. Nikasema labda nimefunga vibaya. Nikabadilisha, yakawa yaleyale. Mpaka nikachukua nepi kavu nikaitandika kwenye beseni nikaidondoshea maji kwa kijiko, yale maji yakasimama juu ya kitambaa yakawa vishanga yanabiringika kama kwenye jani, hayaingii! Kumbe ile dawa inaacha utando kama wa mafuta kwenye nyuzi, na nyuzi zikishapakwa hazinywi tena. Ilibidi nifue zote upya kwa maji ya moto na sabuni kidogo, suuza, suuza tena mpaka povu liishe. Tangu siku hiyo dawa ya kulainisha haigusi nepi yoyote.

Hayo mengine nimejifunza hivyohivyo kwa kuumia. Kinyesi unakikung'utia chooni kwanza, usikipeleke kwenye beseni. Usiloweke siku tatu ukisubiri zijae, mkojo unaozea humo unageuka amonia, ukifungua ndoo macho yanawasha, na kitambaa kikibaki na hiyo harufu ngozi ya mtoto inawaka. Mi nafua kila baada ya siku moja au mbili. Maji baridi kwanza kutoa mkojo, alafu ndo moto. Madoa ya njano usihangaike nayo wala usiyamwagie madawa, anika nepi mbichi juani, jua linayala yenyewe taratibu mpaka unashangaa, na wala halikutumii bili.

Na hapa kwenye jua na kamba ndo penye siri yote ya mazingira, maana nepi ya kitambaa siyo malaika kama watu wanavyoipamba. Mwaka 2008 mamlaka ya mazingira ya Uingereza ilitoa utafiti wakalinganisha miaka miwili na nusu ya mtoto mmoja, pampasi zikatoka kama kilo 550 za hewa ukaa, za kitambaa kwa wastani kilo 570. Yani kitambaa kilishindwa kidogo! Sababu ni ufuaji, watu wanafua mzigo mdogo mdogo, wanachemsha maji kupita kiasi, wanakausha kwa mashine. Lakini ukijaza mzigo, ukaanika nje kwenye kamba, na nepi zilezile akazivaa na mtoto wa pili, inashuka kwa kama asilimia 40. Sasa ona hiyo asilimia 40 inatoka wapi. Haitoki kwenye kitambaa, inatoka kwenye mikono ya anayesubiri mzigo ujae, anayeanika, anayekimbia kuanua mvua ikianza saa tisa mchana. Mazingira yanaokolewa na mtu, na huyo mtu kwenye makala yenu ana jinsia moja.

Tena tusiwacheke wanaotumia pampasi. Zilivyoanza zenyewe ni hadithi ya uchovu. Marekani mwaka 1946 hivi kuna mama mmoja anaitwa Marion Donovan, alichoka kufua mashuka yaliyolowa usiku, akachukua pazia la bafuni akalikata na kushona kifuniko cha kuvalisha juu ya nepi, akapata hataza, yani haki ya kisheria ya uvumbuzi wake, mwaka 1951. Pampers wenyewe wakaja 1961 kutoka kampuni ya Procter & Gamble, na mhandisi aliyesukuma hiyo kazi, Victor Mills, inasimuliwa alikuwa babu ambaye hakupenda kabisa kubadilisha nepi za mjukuu. Mama alichoka kufua akashona kifuniko, babu hakupenda kushika akatengeneza ya kutupa. Mi naona kama kuna funzo humo ila nawaachia nyie. Hata sisi safari na usiku tunamvalisha pampasi, moja ya usiku moja ya njiani, sioni aibu, kati ya nepi sita nimepunguza nne au tano, kwani lazima iwe dini?

Mmeandika pia kunyonyesha ni bure. Hapo pia nina neno. Kwa hela ni kweli hakuna kinachoshinda, hakuna kopo, hakuna chupa, hakuna kuchemsha maji, na WHO na UNICEF wanasema miezi sita ya mwanzo maziwa ya mama peke yake hata maji yasiingie, alafu chakula kinaanza huku ananyonya mpaka miaka miwili na kuendelea. Ila bure kwa nani? Mtoto mchanga ananyonya mara nane, mara kumi na mbili kwa siku moja, hizo ni saa za mtu, usingizi wa mtu, kiuno cha mtu. Mimi maziwa sina, nakubali, lakini mambo yote yanayozunguka hapo nayaweza, kumletea maji ya kunywa, kumcheulisha mtoto, kumbadilisha, kumbeba usiku akigoma kulala ili mwenzangu apate saa mbili mfululizo. Mtu akilala ananyonyesha vizuri, asipolala siku ya tatu anatuma mtu akanunue kopo, na hapo ndo hela inapoanza kutoka.

Na wanaotumia kopo, maana wapo na wana sababu zao na hatuwahukumu, naomba mchape kwa herufi kubwa: USIBANE MATUMIZI KWA KUZIDISHA MAJI. Nimemsikia mtu kwa masikio yangu anamshauri mwenzake aongeze kijiko cha maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Mtoto anashiba maji, hakui, na chumvi za mwilini zinaweza kuvurugika mpaka akapata degedege. Na maziwa ya kujikorogea nyumbani kwa kufuata video nayo ni hivyohivyo. Kama ni kubana, bana kwenye chupa, mtoto anaweza kunywea kikombe kidogo hata akiwa mchanga, kinasafishika kirahisi kuliko chupa yenye chuchu na kona zake, nusu ya vifaa vinakuwa havina kazi.

Chakula sina mengi. Mnachokula nyumbani kikiiva mtolee chake kabla hujatia chumvi, kiponde kwa uma. Asali asipewe kabla ya mwaka mmoja. Imetosha.

Vitu vya kununua sasa. Hapa ndo mmenichekesha, mmeweka orodha ya "vifaa rafiki wa mazingira", nimehesabu vipo kumi na saba, vyote vipya! Nguo za mianzi, sahani za mianzi, midoli ya mbao yenye rangi za asili. Mianzi ikiwa nguo laini vile ujue imeyeyushwa kwa kemikali kwanza ndo ikawa uzi, haikuchumwa ikiwa fulana. Nguo iliyo rafiki kuliko zote ni ile aliyovaa mtoto wa shemeji yako, imeshafuliwa mara hamsini na dawa za kiwandani zilishatoka, na mtoto ataivaa wiki sita tu imbane. Finland wana mtindo serikali inampa mama boksi la karatasi lenye nguo za mtoto na godoro dogo, walianza 1938 kwa familia za kipato cha chini na tangu 1949 ni kwa mama yeyote, na hilo boksi lenyewe mtoto analalia. Boksi tu. Na huko Marekani kuna jumba la makumbusho la midoli maarufu duniani, mwaka 2005 wakaliingiza boksi la karatasi, mwaka 2008 wakaingiza fimbo, ile fimbo ya kuokota chini. Mkubwa wangu ana gari la betri alilopewa na mtu, lilikufa siku ya nne, ila sufuria kuukuu na mwiko ana miaka mitatu anavipiga na havijawahi kuishiwa chaji (natamani vingeishiwa).

Kuna vitu vya kuachana navyo hata ukipewa bure. Kiti cha mtoto cha kwenye gari ambacho hujui kama kimewahi kupata ajali, kiache. Midoli ya zamani sana yenye rangi inayobanduka, inaweza kuwa na madini ya risasi ambayo ni sumu, iache. Kitanda ambacho ubavu wake mmoja unashuka na kupanda, Marekani walikataza kuuzwa mwaka 2011 kwa sababu watoto walinasa wakafa. Na yale magurudumu ya kumfundishia mtoto kutembea (baby walker), Canada wamepiga marufuku tangu 2004, hayamfundishi kutembea hata, yanamfikisha kwenye ngazi kabla hajajua ngazi ni nini. Hapo umeokoa hela na mtoto kwa mkupuo.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni dogo. Mkiandika tena hii mada muiandike kwa watu wawili. Elezeni baba anavyofua nepi, kwa kina hivyohivyo mnavyomweleza mama, na picha muweke ya mwanaume ameinamia beseni, asiwe anacheka na kamera, awe anafua.

Mke wangu kaisoma hii barua kabla sijatuma. Kasema nisiwadanganye watu, Jumapili anafua yeye. Haya, nimeandika.

Baba wa wawili