YAH: Mkoba wa kamera mliouza kwa vipimo vya nje, nataka elfu 75 zangu

Kwa kampuni ya mikoba ya kamera, Kariakoo, Dar es Salaam
(na yeyote alokuwa zamu ya kusoma meseji za wateja leo)

Assalaam alaikum.

Mimi ndo yule dada wa Chake Chake, Pemba, wa mkoba mweusi mdogo, yule mloniandikia "dada tumekuelewa" mara nne na hamjanielewa hata moja. Saivi naandika barua kamili nikae chini nieleze toka mwanzo, mana kwenye meseji kila nikijibiwa najibiwa na mtu mwengine na kila mtu ananiuliza "tatizo nini dada" kama vile jana hatujaongea.

Tatizo ni hili. Kwenye tangazo lenu mmeandika mkoba kwa ndani una sentimita 18 kwa 12 kwa 8. Neno "ndani" mmeliandika wenyewe, nnayo picha ya tangazo. Mkoba umefika, nimechukua futi ya mama, yeye fundi cherehani, futi yake haidanganyi, nkapima. Kwa nje 18 kwa 12 kwa 8. Kwa ndani 15 na nusu, kwa 9 na nusu, kwa 5 na nusu. Yani mmeniuzia kuta.

Najua mtasema sentimita mbili na nusu ni kitu gani. Ndo alichoniambia kijana wenu kwenye vois, "dada hiyo ni sponji tu". Haya zidisheni nyinyi wenyewe kwa simu zenu, 18 mara 12 mara 8 inakuja 1,728. Kisha 15.5 mara 9.5 mara 5.5, inakuja 809 na ushei. Nusu haijafika! Huku kwetu mchumaji karafuu analipwa kwa pishi, sasa mpelekee pishi ambayo kwa nje ni pishi na kwa ndani imetiwa ubao mnene kitako na ubavuni uone kama utatoka shambani na kanzu yako nzima.

Sasa kwa nini nahangaika na mkoba mdogo namna hii, mana mmoja wenu aliniambia "si uchukue ule mkubwa dada, una nafasi". Ule mkubwa sitaki. Kazi yangu mimi ni kupiga picha upande wa kina mama, harusi, kutia hina, siku ya kutolewa bibi harusi nje, huko ambako mpiga picha mwanamme haingii hata akiwa mtoto wa nyumba ile. Wanawake wamevua mabuibui, wamesuka, wana hina mpaka kwenye viwiko, wanacheza. Ukiingia na begi la mgongoni na kamera kama bomba la kufukizia mbu kila mtu anatafuta mtandio. Ukiingia na kamera ndogo mkononi na mkoba kama wa mtu yeyote alokuja kula biriani, baada ya robo saa wamekusahau, na hapo ndo picha zinapoanza kuwa picha. Pia mkoba nauvaa ndani ya buibui nikiwa kwenye gari ya abiria, sina haja ya kila mtu wa stendi ajue nimebeba nini.

Kamera yangu ni Panasonic GM1, ya 2013, ya kizamani ndio, lakini haina hata sentimita 10 kwa upana na ukiitia betri na kadi haizidi sana gramu 200, nyepesi kuliko simu za baadhi ya wateja wangu. Lenzi nnazo tatu. Ile ya milimita 12-32 ilokuja nayo, ya 20 ile nyembamba ya f/1.7 (hiyo f ni tundu la kuingizia mwanga, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), na Olympus ya 45 ya f/1.8 ambayo ndo inayonilisha, ukimpiga bibi harusi kwa ile, nyuma yake kwenye mapazia na taa za rangi kunayeyuka kama samli. (Msishangae Panasonic na Olympus pamoja, hao walikubaliana toka 2008 lenzi ya huyu ikae kwenye kamera ya yule, laiti na nyinyi mngekubaliana na futi.)

Kabla sijaagiza nilikaa usiku mzima na daftari. Kamera ikiwa na ile 12-32 imekunjwa, unene wake 5.4. Upana 10 tuseme. Kigawanyo cha kati sentimita 1. Kwa 18 mlizoandika zinabaki 7 pembeni, na lenzi ya 45 kipenyo chake 5.6, ile ya 20 kipenyo 6.3, kwa hiyo zote mbili zinakaa, moja juu ya mwenzake na kitambaa katikati, na juu ya kamera panabaki pa kuweka betri mbili na kadi. Nkachora kabisa. Nkamwonesha mume wangu, akasema "umechora kaburi", nkamwambia nyamaza. Nkatuma pesa asubuhi yake, 68,000 ya mkoba na 7,000 ya usafiri, ukashuka na boti Mkoani, nkaufata mwenyewe.

Sasa twende kwa 15 na nusu. Toa kamera 10, toa kigawanyo 1, inabaki 4 na nusu. Lenzi ya 5.6 inaingiaje kwenye 4 na nusu, nielezeni, kwa sala gani? Nkatoa kigawanyo. Bado unene 5.5, lenzi 5.6, ikabidi isukumwe kwa dole gumba mpaka sponji ikabonyea, na kuitoa ni kuivuta kwa kucha, na bibi harusi keshaingia mlangoni anasubiri? Na kamera nikiiacha na lenzi ya 20, zipu inafunga lakini kifuniko cha lenzi kimegandamizwa na ukuta na kioo kiko nyuma yake hapo hapo. Lenzi za namna hii zina vimota ndani vya kusogeza vioo, hazitakiwi kusukumwa uso. Kwa hiyo mkoba mlosema ni wa kamera na lenzi mbili mpaka tatu, ni wa kamera na lenzi moja na kitambaa cha kufutia. Hata chaja haina pahala.

Siku hiyo hiyo, Alhamisi, kabla sijautumia hata dakika moja, nlikutumieni picha tatu, futi ndani ya mkoba inasomeka. Naliweka hili mbele kwa sababu baadae mmekuja na maneno ya "mkoba umeshatumika haurudi". Nlikuandikieni HAUJATUMIKA. Mkajibu Ijumaa usiku kwa vois kwamba vipimo ni vya kawaida. Jumamosi nna harusi Kojani, mkoba wangu wa zamani nshampa mtoto wa dada yangu anatilia madaftari ya skuli, ningebeba kamera kwenye nini, sufuria?

Kojani ni kisiwa, unavuka kwa mashua, si mbali, lakini ilikuwa masika na mvua ilitukuta katikati. Nlikuwa na lenzi ya 45 nimeiviringa kwenye kanga ndani ya mkoba wangu mwengine wa nguo, mana kwenu haikuingia, na alhamdulillah ile ndo ilopona kavu kabisa. Kwenye mkoba wenu mmeandika "hauingii maji". Kitambaa kweli, nakubali, maji yalikuwa yanasimama juu yake vidonge vidonge yanateleza, nkafurahi kama mjinga. Kumbe yanateleza yanakwenda kwenye mshono. Kila tundu la sindano ni mlango, na zipu yenu haina hata kile kipande cha kitambaa cha kuifunika juu. Nlipofungua Kojani sponji ya chini imelowa inakamulika. Kamera ilikuwa juu kidogo imepona. Simu nlokuwa nimeitia mfuko wa nyuma, mfuko ambao mmeusifu kwa mstari mzima, spika yake imekufa toka siku ile.

Na sponji ikishalowa ndo balaa jengine, nyinyi wa bara labda hamlijui sana. Hewa ya huku ina unyevu mwaka mzima na chumvi juu yake, sponji haikauki, na lenzi ikilala kwenye kitu kibichi ndani ya giza inaota ukungu, nyuzi nyeupe kama za buibui ndani ya vioo, ukishaziona ndani hufuti tena kwa kitambaa, ni fundi wa kuifungua na Pemba hayupo. Nilishapoteza lenzi moja namna hiyo, nlikuwa naiacha mkobani wiki nzima. Toka hapo nikirudi nyumbani kila kitu natoa, natia kwenye dumu la plastiki lenye mfuniko wa kubana na vile vipakiti vya "usile" vya kwenye maboksi ya viatu, naviomba kila duka la viatu Chake mpaka wananijua. Mkoba wenu nimeuanika siku tatu, siku ya nne bado ukiubonyeza kwa kiganja unasikia ubaridi.

Lipo na la kelele, hili sidai pesa, nasema tu mjue. Picha za tangazo zinaonesha zipu, hamkusema kwamba ndani tena kuna mfuniko wa velcro, ile ya kunata. Kule Kojani kabla ya chakula bi mkubwa mmoja kaomba dua, ukumbi mzima kimya, mikono juu, na mimi nataka kutoa betri. KRAAAA. Watu sabini wamegeuka. Bibi harusi mwenyewe kacheka, na sikuipiga picha hiyo kwa sababu betri ndo nlikuwa naitafuta.

Kosa langu nalikubali. Kuna kijana ana duka la simu hapa Chake aliniambia dada, mkoba wa kamera haununuliwi kwa picha, unakwenda na kamera na lenzi zako zote unatia unafunga unatikisa ndo unalipa. Hilo nalijua. Lakini huku mikoba hii haipo, iliyopo ni ya kamera kubwa au ya mabibi, na ndo mana mtu anaandika vipimo, ili sie wa mbali tupime kwa daftari. Mngeandika "kwa nje" nisingeagiza, na nyinyi msingepata barua hii, tungekaa kwa amani.

Ninachotaka. Nirudishieni 75,000, si 68,000, mana 7,000 ya boti nilitoa kwa ajili ya kitu ambacho sicho nlichoambiwa. Mkoba naurudisha, nauli ya kuurudisha yenu. Sitaki kuponi wala "punguzo la oda ijayo". Kama mnao mwengine ambao kwa ndani, KWA NDANI, una 18 kwa 12 kwa 8, nitakubali kubadilishiwa, ila mnitumie kwanza picha futi ikiwa imelala ndani na namba zinasomeka. Na lile tangazo lirekebisheni, jana usiku nimeangalia bado lipo vile vile na chini yake kuna dada wa Tanga anauliza kama lenzi mbili zinaingia na mmemjibu "ndio karibu sana". Nimemjibu na mimi, mmenifuta.

Ya simu sijaitia kwenye hesabu kwa sababu kuipeleka kwenye mvua ilikuwa yangu. Lakini mkikaa kimya wiki mbili nalipeleka lote Tume ya Ushindani, picha za futi, vois, tangazo, risiti, kila kitu nimekiweka. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa, na sidhani kama sentimita mmezipata kwenye sheria nyengine.

Mkijibu tafadhali andikeni, msitume vois. Mbili zenu za mwisho, kwa vile spika yangu ndo hiyo, ilibidi nizisikilize kwenye simu ya jirani, na jirani kaweka sauti juu, mtaa mzima umeshajua nadai elfu sabini na tano na kwamba mimi ni "mteja wetu wa thamani".

Wassalaam,
Dada wa Chake, oda ya mkoba mweusi mdogo