Msilaumu faiba kabla ya kuchungulia chini yake

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu magari ya zamani yenye bodi za faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini, ile gundi ya majimaji inayokauka ikawa ngumu, niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi, maana ni nadra gazeti kuyakumbuka magari haya. Mara ya pili nilikwama kwenye sentensi moja, ile inayosema mlango wa faiba ukikaa kombo au boneti ikijikunja, dawa yake ni kujaza puti, ule uji mzito wa kuzibia mabonde unaokauka ukawa mgumu, na kusawazisha kwa msasa.

Nimefanya kazi ya bodi miaka 31. Kabla ya hapo nilikuwa kijana wa kuchanganya resini kwenye karakana ya mashua kwa miaka sita, kwa hiyo faiba nimeizoea tangu nikiwa sina ndevu. Ushauri kama huo wa mwandishi wenu ndio unaoniletea kazi ngumu kuliko zote: kwanza nibandue puti ya mtu mwingine, halafu ndipo nianze kutafuta ugonjwa wenyewe.

Na sisemi haya kama mtu asiyekosea. Gari la kwanza la faiba nililokabidhiwa peke yangu lilikuwa la milango miwili. Mlango wa dereva ulijitokeza nje kwa nyuma, upande wa chini, kiasi cha unene wa kidole, na mwanya wa juu ulikuwa umebana hadi rangi inasuguana. Injini ilikuwa imeshushwa, gari limekaa juu ya stendi nne. Nikaona raha, hakuna kuinama. Nikajenga kingo kwa puti, nikapiga msasa siku mbili, mianya ikanyooka kama imechorwa kwa rula. Tukapaka rangi. Tukarudisha injini, tukashusha gari kwenye magurudumu, na mlango ukakataa kufunguka. Tulipoulazimisha ukabanduka na kipande cha puti kikubwa kama kiganja, rangi mpya ikiwa bado inang'aa juu yake. Mwenye gari alikuwepo. Hakusema neno, alichukua kofia yake akaondoka mpaka jioni.

Ule mlango haukuwa na kosa lolote. Raba mbili zilizobeba bodi juu ya chesisi, ile fremu ya chini ya gari, zilikuwa zimebondeka, na kile kibati chembamba cha kupandishia, ambacho mafundi tunakiita shimu, kilikuwa kimeoza kikadondoka zamani. Bodi ikalala upande mmoja, mlango ukafuata. Raba mpya na kibati cha milimita 3 vilimaliza kazi kwa alasiri moja. Siku mbili zangu za msasa zilikuwa za bure.

Hapo ndipo penye hoja yangu, Mhariri. Katika mengi ya magari haya faiba haibebi uzito. Chini yake kuna chesisi ya chuma, na bodi imekalishwa juu yake kwa bolti, raba na shimu. Corvette ya 1953 imejengwa hivyo, na Lotus Elan ya 1962 ina chesisi ya chuma inayopita katikati kama uti wa mgongo. Yapo yanayokwenda kinyume, kama Lotus Elite ya 1957 ambayo bodi yake ya faiba ndiyo chesisi yenyewe, lakini hayo ni machache na yana fundi wake. Kwa mengine, paneli ikikaa kombo muulize kwanza anayeishikilia.

Mimi huanza na sakafu iliyo sawa na upepo wa matairi ulio sawa. Gari lisimame kwa miguu yake, injini ndani, vioo ndani, viti ndani. Bodi ya faiba hucheza kuliko ya bati. Ukiipima ikiwa tupu juu ya stendi umepima gari jingine. Kisha nafungua mlango kidogo na kuuinua kwa ncha yake ya nyuma. Ukipanda kabla bawaba hazijavuta, pini zimelika, na hakuna puti ya kutibu pini iliyolika. Baada ya hapo napima tundu la mlango kutoka kona hadi kona, kama msalaba, upande wa kushoto na wa kulia, na kulinganisha. Nimekaa nusu siku nzima nikipima bila kushika hata kipande kimoja cha msasa, na wenye magari hudhani nawapotezea muda.

Kuna jambo jingine ambalo makala haikuligusa. Wenye magari haya siku hizi wanataka mianya kama ya gari lililotoka kiwandani jana. Mianya hiyo gari lao halikuwahi kuwa nayo! Corvette za mwaka wa kwanza zilikuwa 300 tu, zikaunganishwa kwa mikono huko Flint, Michigan, na watu waliokuwa bado wanajifunza faiba ni kitu gani. Studebaker nao walipotoa Avanti mwanzoni mwa miaka ya 1960, bodi zilifinyangwa na kampuni nyingine huko Ashtabula, Ohio. Paneli zikafika hazikutani vizuri, na wateja wakangoja magari kwa muda mrefu. Kwa hiyo mteja akiniambia anataka milimita 3 kuzunguka mlango mzima, namwonyesha picha za zamani. Mimi nikipata milimita 5 iliyo sawa juu hadi chini nalala usingizi. Jicho halichukizwi na mwanya mpana, linachukizwa na mwanya unaoanza mpana ukaishia kubana.

Zipo paneli zilizojikunja kweli, sikatai. Resini ya poliesta hunywea inapokauka, na isiponywea sawa pande zote huvuta. Paneli iliyotolewa kwenye kalibu mapema hutoka na mpindo wake. Boneti iliyoegemezwa ukutani miaka kumi, tena kwenye joto, hukubali umbo la pale ilipoegemea. Na fundi wa kabla yako akiwa amebandika matabaka manne mazito kwa mpigo upande wa ndani, amevuta uso wa nje kwa mikono yake mwenyewe.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Faiba ni samaki anayekubali kukunjwa hata akiwa mkavu, ilimradi umpashe taratibu. Natumia taa za joto zilizosimama mbali kidogo, nikikusudia nyuzi 60 hadi 70 kwenye uso wa paneli, na kipimajoto hakitoki mkononi. Moto wa wazi marufuku. Hata ile bunduki ya hewa moto ukiisimamisha mahali pamoja utaona malengelenge, na lengelenge halirudi. Paneli ikilegea naibana kwa mbao na klempu, vile vibano vya skrubu, mpaka ivuke kidogo pale ninapotaka, kwa sababu itarudi nyuma kidogo ikiachiwa. Halafu nazima taa na kwenda nyumbani. Watu wengi hushindwa hapa: wanafungua klempu baada ya saa moja kwa hamu ya kuona. Iache ilale hivyo hivyo hadi kesho.

Kesho yake bado hujamaliza. Paneli inakumbuka ulikoitoa, na siku ya jua kali itajaribu kurudi, hasa ikiwa nyeusi. Ndiyo maana naiwekea ubavu upande wa ndani kabla ya kuachia klempu zote: kipande cha povu gumu, kisha mkeka wa nyuzi za kioo matabaka mawili juu yake. Povu, si ubao mzito uliogandishwa moja kwa moja kwenye ngozi ya nje, maana mstari wa ubao ule utauona kwenye rangi baada ya mwaka. Na matabaka yawe membamba, moja lipoe kabla ya jingine. Resini inapoiva hutoa joto lake yenyewe. Nikiwa kijana kwenye mashua nilizidisha hadina, ile dawa ya kugandisha resini, ambayo kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito wa resini, nikaenda kunywa maji. Niliporudi ndoo ilikuwa inafuka moshi na imepasuka. Joto kama hilo likiwa nyuma ya boneti uliyokwisha kuinyoosha, litaipinda upya.

Ikikataa joto, nachana mistari kadhaa upande wa ndani, bila kufika uso wa nje, naipinda mpaka ikubali, kisha nafunika michano yote kwa mkeka na resini. Ni kazi chafu na sipendi kuifanya, lakini ni ya haki kuliko kuficha.

Puti ina mahali pake: koti la mwisho, milimita moja au mbili, la kufuta alama za msasa. Haiwezi kuwa kingo ya mlango, kwa kuwa kingo hupigwa kila siku na puti haina nyuzi za kuishikilia. Mlango ukiwa mfupi kweli, baada ya bawaba na raba kuwa sawa, naongeza kingo kwa faiba: nafuta nta na mafuta, nakwangua hadi nyuzi zionekane, nainamisha kingo ya zamani kwa mteremko mrefu, mara 12 ya unene wake, ili mpya ishike. Paneli ya jirani naifunika kwa utepe na nta, nalaza faiba mpaka mwanya unazibika kabisa, kisha nakata mwanya mpya kwa bapa la msumeno lililozungushiwa msasa. Unene wa bapa ndio unaokupa mwanya, sawa kutoka juu hadi chini. Kujaza puti tu ni kufunika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu huyu hapiti. Hurudi na mteja.

Mambo madogo mawili, haraka. Bolti zinazoshikilia faiba zisikazwe kwa nguvu za bolti za chuma. Zile nyufa za nyota zinazochanua kwenye rangi mara nyingi zimeanzia kwenye bolti iliyokazwa juu ya washa ndogo, kile kiduara kinachokaa chini ya kichwa cha bolti. Weka washa pana. Na dawa za kemikali za kutoa rangi kwenye bati zisiguse faiba, zinakula resini. Toa kwa msasa, ukiwa na barakoa inayoziba kweli na mikono mirefu, usije ukajikuna usiku kucha.

Kwa wanaonunua: sumaku yenu iacheni nyumbani. Kwenye bati huwasaidia kugundua puti nene, hapa haishiki popote, pazuri wala pabovu. Gongeni kwa kucha, msikilize panapobadilika sauti, halafu mlale chini na tochi mtazame upande wa ndani. Huko fundi mbovu hapangi uongo wake vizuri.

Na kwa kuwa makala imeweka Trabant, lile gari dogo la Ujerumani Mashariki, kwenye orodha ya magari ya faiba, naomba iondolewe. Paneli zake ni duroplasti: nyuzi za pamba ndani ya resini ya fenoli, zilizogandamizwa kwa joto. Ni ndugu wa mbali. Maneno yangu ya taa na klempu yasipelekwe kwake.

Naomba mchapishe masahihisho ya ile sentensi ya puti, hata kwa mistari miwili. Kile kipande changu kikubwa kama kiganja bado ninacho, kimetundikwa kwa msumari juu ya meza ya kazi, rangi yake haijafifia. Mpigapicha wenu akikitaka, kipo.

Fundi wa bodi, miaka 31 kazini