Risiti ya kodi ya kiwanja iandikwe jina la aliyelipa

Mhariri,

Nipe nafasi kidogo gazetini nikiri kosa. Kuanzia 1984 hadi 2009 nilikuwa mkusanya kodi ya kiwanja huku Majengo, Mombasa. Ardhi ilikuwa ya tajiri wangu, nyumba zilizosimama juu yake zilikuwa za watu, na mimi nilikuwa na kitabu cha risiti na karatasi ya kaboni iliyonipaka vidole weusi hata mke wangu akanipiga marufuku kugusa kanzu siku za makusanyo.

Wasomaji wa bara huenda wasinielewe. Hapa kwetu mtu aweza kuwa na nyumba na asiwe na ardhi. Vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, vyote vyako. Udongo ulio chini ya msingi ni wa mwingine, nawe unamlipa kila mwezi. Twaita nyumba bila ardhi. Hati ya ardhi huna. Siku mambo yakiharibika, utatoa karatasi ya mauziano kama ulinunua, na utatoa risiti za kodi. Yaani utatoa mwandiko wangu.

Kulikuwa na mama muuza viazi vya karai. Kila tarehe 5 nikifika barazani pake, yeye ndiye mlipaji. Alikuwa akifungua mkebe wa zamani wa Kimbo, anatoa noti zilizolowa mafuta, anazinyoosha moja moja juu ya paja, anahesabu mara mbili. Akimaliza ananipa kiazi kimoja na ukwaju juu yake. Nami nikishika kalamu, mkono ukinuka viazi vyake, naandika: "Imepokewa kutoka kwa Bwana Fulani." Bwana Fulani mwenyewe alikuwa bandarini akisaka kibarua cha siku, siku nyingine anakipata, siku nyingine hapati. Simlaumu kwa hilo. Lakini kitabu kilikuwa na jina lake tangu mwanzo, na kubadilisha jina nikaona ni kujitafutia kazi.

Vyumba viwili vya uani navyo nilishuhudia vikijengwa. Mchanga ulimwagwa kichochoroni, na aliyekuwa akibishana na fundi juu ya mifuko ya saruji ni yule mama, mwiko wa kukaangia bado mkononi.

Nilipokwisha kustaafu, jioni moja akaja kwangu na bintiye. "Ami, nimeandikiwa talaka. Yuwaniambia nifunge virago, nyumba ni yake. Asema risiti zote zina jina lake." Nikanyamaza. Alichosema mumewe kilikuwa kweli, na aliyekifanya kiwe kweli ni mimi.

Kosa la pili lilikuwa la ndugu zake. Kesho yake walikuja na mkokoteni, wakapakia kitanda, kabati na yeye mwenyewe, kwa hamaki ya heshima ya ukoo. Talaka ilikuwa moja, ya rejea, yaani mume aweza kumrudia mke kabla eda haijaisha, na eda yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa imeanza! Suratu Talaq, aya ya kwanza, inakataza wanawake kutolewa majumbani mwao wakati huo, na inawakataza wao wenyewe kutoka. Na Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 nayo inasema maadamu ndoa ipo, mke au mume hafurushwi nyumbani na mwenzake bila amri ya mahakama. Dini na serikali zote zilikuwa upande wake, lakini mkokoteni ukawahi.

Huko alikohamia, kitinda mimba wao wa miaka tisa akageuzwa tarishi. "Kamwambie mamako arudishe ufunguo." "Kamwambie babako alete pesa za shule." Nilimkuta njiani siku moja akirudia maneno kwa sauti ili asiyasahau. Hilo liliniuma kuliko habari ya nyumba.

Kesi ilikwenda kwa Kadhi. Sheria hiyo ya 2013 inamruhusu Mwislamu ahukumiwe kwa sharia ya Kiislamu katika mali ya ndoa, na wote wawili waliridhia. Watu huko mitaani walishahukumu zamani: mwanamke ana mahari yake na kitoka nyumba, ile zawadi apewayo mke anayeachwa, basi. Wanaisahau Suratu Nisaa, aya ya 32, kwamba wanaume wana fungu katika walichochuma, na wanawake wana fungu katika walichochuma. Sasa kazi ikawa kujua nani alichuma nini, na hapo nikaitwa mimi.

Nilivitoa vitabu vyangu chini ya kitanda. Zile nakala za kaboni zinazobaki kitabuni, baadhi yake nilikuwa nimeandika pembeni kwa herufi ndogo: "kwa mkono wa mke". Sikuandika kwa uadilifu, nisijisifu bure. Tajiri wangu alikuwa akipenda kujua nani wa kudaiwa kodi ikichelewa, basi. Nilikaa siku mbili na miwani yangu na taa, nikapata nakala 131 zenye maneno hayo. Nyingine panya walikuwa wamekula.

Ziliwekwa mezani. Mume alizipekua, akazitazama muda mrefu, kisha akasema, "Ni kweli, yeye ndiye aliyekuwa akilipa." Ilimalizika kwa suluhu: nyumba kubwa ilibaki kwake, vyumba viwili vya uani vikawa vya mama, na mlango ukafunguliwa upande wa kichochoro. Wengine wataona amepunjwa. Mimi naona hivyo pia. Lakini angetoka mikono mitupu kama panya wangekuwa na njaa zaidi.

Msiokwenda kwa Kadhi msidhani yenu ni rahisi. Ni kweli sheria inahesabu kupika, kulea na kusimamia nyumba kuwa ni mchango. Ni kweli pia kwamba mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa amemshikia mwenzake, mpaka ithibitishwe vingine. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba usawa wa wanandoa katika Katiba hauna maana ya nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja aonyeshe alichotia. Nawe utaonyesha nini, kama karatasi zote zinamtaja mwenzako?

Na wanaume msinune. Nilikuwa na baharia aliyetuma pesa kutoka ng'ambo miaka na miaka, kitabuni nikiandika jina la shemejiye kwa sababu ndiye aliyenifungulia mlango. Yaliyomkuta ni barua nyingine.

Wenzangu mnaokusanya leo mnapokea kwa M-Pesa, na ujumbe unaonyesha pesa zimetoka simu ya nani. Kisha mnakaa chini mnaandika "Bwana Fulani" vilevile, kama mimi. Andikeni jina la aliyelipa. Wakilipa wote wawili, andikeni majina mawili. Mstari una nafasi. Mwenye ardhi hapungukiwi kitu.

Vitabu vyangu bado ninavyo, sasa viko ndani ya sanduku la bati. Aliyelipa kodi kupitia kwangu miaka ile, na leo ana shauri mahakamani au kwa wazee, aulize pale wanywapo kahawa kwa yule mzee wa risiti. Baada ya Alasiri huwa nipo. Aje na jina la mtaa na mwaka, maana nambari za nyumba zilibadilishwa na macho yangu si yale.

Mkusanya kodi mstaafu,
Majengo, Mombasa