Kabla ya fulana na semina, kijiji kisomwe kwanza

Mhariri,

Habari mliyochapisha kuhusu uzinduzi wa mradi wa afya ya vijana katika wilaya jirani ilisheheni mgeni rasmi, fulana na hesabu ya vijana "watakaofikiwa". Niliisoma hadi mwisho nikitafuta jambo moja tu: hao vijana wakishafikiwa, ni kitu gani hasa kitakachowafanya waishi tofauti na jana? Sikuliona. Simlaumu mwandishi wenu. Nahisi hata waliouandika mradi wenyewe hawakuulizana.

Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuna kisingizio, maana jambo hili lilikwisha kupimwa hapahapa kwetu. Mradi wa MEMA kwa Vijana ulianza Mwanza mwaka 1999, ukishirikisha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), shirika la afya la AMREF, chuo cha afya cha London School of Hygiene and Tropical Medicine cha Uingereza, na serikali. Walimu walifundisha afya ya uzazi darasa la tano hadi la saba wakisaidiwa na waelimishaji rika. Wahudumu wa zahanati walifunzwa kuwapokea vijana bila kuwafokea. Vijijini kukawa na vijana wanaouza kondomu kwa wenzao. Jamii zilikuwa 20, zikagawanywa kwa bahati nasibu, 10 zikaanza na nyingine 10 zikawa za kulinganishia. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 yalionyesha kwamba vijana walielewa zaidi na walijibu vizuri walipoulizwa msimamo wao, lakini upande wa VVU vipimo havikuonyesha tofauti ya maana kati ya pande mbili. Watafiti walirudi kupima tena mwaka 2007 na 2008. Elimu ilikuwa bado imo vichwani, na maambukizi yakawa vilevile.

Wengi wakisikia hivyo husema "umefeli" na kufunga jalada. Mtu mmoja ambaye hakufunga jalada ni Daniel Wight, mtafiti wa sayansi ya jamii kutoka Glasgow, Uskoti. Yeye na Mary Plummer, pamoja na wenzao wa huku, walikuwa wakifanya kazi ambayo huwa haipigwi picha. Watafiti vijana wa Afrika Mashariki walipelekwa kukaa vijijini, wakalala katika kaya za watu, wakalima nao, wakachota nao maji na kusikiliza mazungumzo ambayo dodoso haliyapati. Ndipo yakajitokeza mambo. Kuna waliojibu kwenye dodoso kwamba hawajawahi kufanya ngono, kumbe vipimo vinaonyesha mimba au ugonjwa wa zinaa. Hadharani kijiji kizima kinasema mwanafunzi asijihusishe na mapenzi, na faraghani watu walewale wanaona ni jambo la kawaida, ilimradi lisijulikane. Na msichana kutoka na mwanamume bila kupewa chochote kulionekana ni kujishusha thamani, kwa hiyo sabuni, nguo au pesa kidogo vilikuwa sehemu ya mapatano.

Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, na hilo la sabuni halikunishangaza. Nimewahi kumaliza kipindi cha kukataa vishawishi, nimechora ubaoni, nimeuliza maswali, wameitikia kwa sauti moja kama kawaida yao. Wakati wa kutoka, binti mmoja wa darasa la saba akabaki nyuma akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, nikikataa, daftari nitanunuliwa na nani?" Somo langu halikuwa na ukurasa wa swali hilo. Elimu aliyokosa haikuwa ya VVU. Angeweza kuniorodheshea njia zote za maambukizi bila kukosea.

Asije mtu akasema haya ni matatizo ya umaskini wetu. Wight huyohuyo aliongoza tathmini ya mpango wa elimu ya uhusiano na jinsia ulioitwa SHARE katika shule 25 za sekondari huko Uskoti. Majibu yaliyotoka mwaka 2002 yalikuwa karibu sawa na ya Mwanza: wanafunzi walijua zaidi, somo walilipenda, na tabia haikubadilika kuliko ya wenzao waliofundishwa kwa mtindo wa zamani.

Mwaka 2016 yeye na wenzake walichapisha utaratibu wa hatua sita wa kuandaa afua za afya ya jamii, yaani mipango ya kubadilisha hali ya afya ya watu. Elewa tatizo na mizizi yake. Tafuta ni mzizi upi unaoweza kung'oka kwa nguvu ulizonazo. Amua ni kwa njia gani badiliko litatokea, halafu namna ya kulifikisha kwa watu. Jaribu kidogo, rekebisha, ndipo ukusanye ushahidi wa kutosha kabla ya kuingia kwenye tathmini kamili. Miradi mingi ninayoiona huku inaanzia hatua ya nne: nani awe mwezeshaji, ukumbi upi, posho kiasi gani. Hatua tatu za mwanzo zinarukwa kwa sababu hazina uzinduzi.

Uganda wamezifuata. Wight na Godfrey Siu wa Makerere walitengeneza mpango wa malezi unaolenga kupunguza ukatili kwa watoto na kati ya wazazi. Kwanza waliwasikiliza wazazi, wakagundua kwamba jambo linalowauma zaidi ni heshima ya familia mbele ya watu, na mpango mzima wakaujenga juu ya heshima hiyo. Akina baba hukutana peke yao na akina mama peke yao, kisha baadaye wanakaa pamoja. Baba ambaye angesusa mkutano wa "haki za mtoto" ana sababu ya kuja kuzungumza namna ya kulinda jina la nyumba yake.

Nina kinyongo kimoja na wasomi hawa: maandishi yao mengi yamo katika majarida ya Kiingereza, na mtendaji wa kata hatayaona maisha yake yote. Hapo gazeti lako lina kazi. Mwandishi wenu atakaporudi kwenye mradi ule, amwombe mratibu amwonyeshe ni nani aliyekaa na vijana wale kabla bajeti haijaandikwa, na aliwasikia wakisema nini. Amuulize pia ni fungu gani limetengwa la kuchunguza katikati ya safari kama somo linafundishwa kweli au linajazwa tu kwenye fomu. Na miaka mitatu ikipita, arudi kuuliza majibu, hata kama siku hiyo hakuna mgeni rasmi.

Mwalimu mstaafu,
Misungwi, Mwanza