Gesi tunayo, pampu ziko wapi?

Mhariri,

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) inapotangaza bei kikomo za mafuta, wenye magari tunashika vichwa, wiki moja tunalalamika, kisha tunazoea. Agosti 2022 lita ya petroli hapa Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410, ingawa Serikali ilikwishaanza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Vita vilikuwa Ukraine, bili ikaletwa Mbagala.

Na hapo chini ya ardhi inapita gesi yetu asilia, inayoweza kuendesha magari hayo hayo. Ya kisiwa cha Songo Songo, Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 inazalisha umeme Ubungo. Mwaka 2015 likakamilika bomba jingine kutoka Mtwara. Gesi hiyo haisubiri meli bandarini wala haiagizwi kwa dola. Kilo moja ina nguvu ya karibu lita moja na nusu ya petroli, na bei yake imekuwa karibu nusu ya bei ya lita.

Kwa hiyo nashangaa ninaposikia viongozi wakisema wananchi wanahitaji "kuhamasishwa" kutumia gesi kwenye magari. Dereva wa bajaji anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni hahitaji semina. Alishapiga hesabu zake, akakopa, akafunga mfumo wa gesi. Mwenye gari dogo la IST alishakubali mtungi umle nusu ya buti. Anachokosa ni pa kujazia. Ukitaka kujua, pita kwenye kituo cha gesi jioni uone foleni ya bajaji na teksi. Saa anazokaa pale ni saa ambazo habebi abiria, na faida yote ya gesi inaishia hapo hapo. Akipata abiria wa Dodoma, anarudi kwenye petroli.

Kituo mama cha TPDC, shirika la Serikali la mafuta na gesi, pale Barabara ya Sam Nujoma, kinachoweza kujazia hata malori ya kupeleka gesi vituo vingine, ni hatua nzuri, lakini jiji kama hili haliwezi kuegemea vituo vichache. Sheli zinaota kila kona, nyingine zinatazamana. Kwa nini anayeomba kibali cha sheli mpya kwenye barabara kuu, jirani na bomba, asitakiwe kuweka na pampu ya gesi? Mbali na bomba, malori ya mitungi yanaweza kuipeleka gesi hadi Morogoro na Dodoma, mradi kuwe na mtu wa kuipokea.

Tusidanganyane pia. Gesi haina moshi mweusi, ila bado inatoa kaboni inayoongeza joto duniani, na ikivuja bila kuungua inaongeza joto hilo kuliko tunavyopenda kusema. Tena haifai kila chombo. Injini ya dizeli haina plagi, kwa hiyo kuibadilisha Coaster au lori ni kazi ya gharama. Heri basi jipya linunuliwe likiwa la gesi tangu kiwandani. Kwa bodaboda mimi ningeruka gesi kabisa niende kwenye umeme. Kigali imeacha kusajili pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria tangu Januari 2025, na sisi tuna Bwawa la Nyerere la kuzalisha umeme, lenye megawati 2,115.

Jambo la mwisho ni mitungi. Gesi hujazwa kwa mgandamizo wa takriban baa 200, yaani karibu mara 200 ya mgandamizo wa hewa ya kawaida, na huo si mzaha. Mafundi wa uchochoroni wameshaanza kufunga mifumo kwa bei ya kutupa. Kituo kisimjazie mtu yeyote asiyeonyesha cheti cha ukaguzi wa mtungi wake, na kazi hiyo ianze sasa magari yakiwa bado yanahesabika.

Naiomba EWURA, pamoja na bei za kila mwezi, itangaze pia ni vibali vingapi vya vituo vya gesi vimetolewa, ni vituo vingapi vimeanza kazi, na viko wapi.

Mmiliki wa bajaji,
Mbezi, Dar es Salaam