Tuuanze mwaka kwa kutembea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwashauri wakazi wenzangu wa Tabora kuuanza mwaka kwa utulivu, kwa kutembea kwa miguu. Wenzetu wa Ulaya, ambao Januari kwao ni mwezi wa baridi kali na giza la mapema, huvaa makoti mazito wakatoka kutembea. Sisi tuko katikati ya msimu wa mvua, mji wetu uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi baada ya mvua ya usiku hewa huwa na ubaridi mwanana.

Njia niipendayo ni ile ya Kwihara, ilipo nyumba ya tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Chini ya miembe mikongwe huokotwa maembe ya mwisho wa msimu, na kina mama hupanga uyoga wa porini kwenye mabeseni, mashina yake yakiwa bado na udongo mbichi. Apitaye mbio kwa pikipiki hayaoni hayo.

Ombi langu kwa wahusika ni kwamba nyasi zilizofika kiunoni kando ya barabara zifyekwe sasa, kwa sababu wazee wetu wenye kisukari na shinikizo la damu, ambao madaktari huwahimiza kutembea, hulazimika kupita katikati ya barabara. Nao vijana wetu wa bodaboda wapunguze mwendo, hasa alfajiri kunapokuwa na ukungu.

Msomaji wako,
Tabora