Wageni wa Sabaki wale Sabaki

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye magari ya watalii hapa Malindi, na serikali ya kaunti nayo isikie. Kila msimu wa wageni ukifika, magari huvuka daraja la mto Sabaki asubuhi, yakakata kushoto kuelekea Marikebuni hadi Marafa. Wageni hupiga picha za yale magenge mekundu ya huko, na jioni hao, hotelini. Bonde la mto wameliona dirishani tu. Chakula chao cha mchana kimetoka mjini ndani ya kisanduku, mkate mkavu na yai la kuchemsha, kikaliwa chini ya mwembe wa mtu ambaye hata dafu moja hawakumnunulia.

Tunapenda kusema mgeni njoo mwenyeji apone. Atapona kwa lipi, ikiwa mgeni kaja na chakula chake kwenye buti?

Mto wenyewe si wa kupitwa hivyo. Ni wa pili kwa urefu nchini baada ya Tana. Huanza bara, upande wa Nairobi, ukiitwa Athi. Ukikutana na mto Tsavo huwa Galana. Ukifika kwetu ni Sabaki. Maji ya Baricho yanayonywewa Malindi, Kilifi hadi Mombasa hutoka kwenye visima vilivyochimbwa kando yake. Wakati wa mvua hubeba udongo wa mashamba ya huko juu, bahari ya Malindi ikageuka rangi ya chai ya maziwa, na wenye hoteli wakanuna. Udongo huohuo ndio umepanua ufuo wetu, mpaka majumba yaliyojengwa yakitazama maji sasa yanatazama mchanga.

Anayetaka kutembea, ashuke darajani afuate ukingo hadi mlangoni mwa mto. Kuna vilima vya mchanga, kuna vidimbwi vinavyobaki maji yakitoka, na kati ya Oktoba na Machi ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia hujaa pale wakidonoa matope. Flamingo nao huonekana. Ila si pa kwenda kichwakichwa. Viboko hutoka usiku kula majani na hurudi majini alfajiri, na mamba wamo. Mwenyeji anajua leo wamelala upande gani. Simu ya mgeni haijui. Kwa hiyo kijana wa kijijini wa kuongoza njia ni wa lazima, na alipwe. Bei yake iandikwe kwenye kibao pale darajani, kila mtu aione, tuondokane na ule mvutano wa kuombana na kutiliana shaka.

Sasa nirudi kwenye chakula, maana hapo ndipo roho inaponiuma. Hebu mgeni akae kwenye kigoda amwone mama akikuna nazi juu ya mbuzi, machicha yakirowekwa na kukamuliwa kwenye kifumbu, tui jepesi likitangulia chunguni na lile zito likisubiri mwisho lisije likakatika. Mbaazi zilizopikwa hivyo, na hamri la moto, ni kiamshakinywa ambacho mtu hulipia bei kubwa mjini na hakipati kikiwa hivi. Mchana kuna kambare wa mtoni. Wengi humkwepa kwa utelezi wake, lakini akishasuguliwa majivu, akaoshwa kwa ndimu, akakaangwa kidogo kabla ya kutiwa kwenye nazi, utelezi huusikii tena. Mchunga nao una uchungu wake, na ndio utamu wake ukiwa na ugali. Mwisho wa mwaka maembe yameiva, na bado tunawapa wageni juisi ya pakiti! Pombe ya mnazi naiacha kwa hiari ya mgeni, dereva asiiguse.

Najua nitakalojibiwa: matumbo ya wageni. Hoja ya usafi naikubali, na maafisa wa afya wa kaunti wapo kwa kazi hiyo. Wawapime akina mama wanaopika, wakague vyombo na maji, watoe vyeti. Lakini chakula kinachotoka jikoni kikitoa moshi hakiwezi kuwa na hatari kuliko yai lililokaa ndani ya gari tangu alfajiri kwenye joto la eneo la Magarini. Hilo la visanduku, nadhani, ni mazoea na faida ya mtu, wala si afya.

Kaunti haitakiwi kujenga ghorofa. Banda la makuti lenye kivuli karibu na daraja, choo safi cha wanaume na cha wanawake, maji ya kunawa, basi. Wenye hoteli nao wamruhusu mgeni kukataa kisanduku na kupunguziwa bei yake, hela hiyo aitumie ng'ambo ya mto. Na madereva, tafadhali, mpigieni mama wa watu simu siku moja kabla. Kuku wa kienyeji hakimbizwi, akachinjwa, akaiva kwa nazi huku injini ya gari inanguruma nje.

Msomaji wako,
Malindi